PLASTIKI IPITISHAYO UMEME

Muhula uliopita nilichekwa darasani niliposema kwamba kuna plastiki inayopitisha umeme. Hata mjomba wangu, ambaye ni fundi wa umeme hapa Mkomani, aliniuliza, "Sasa waya unavishwa plastiki ya nini?" Mjomba hana makosa. Plastiki ya waya ni kihami kweli. Lakini si plastiki zote.

Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri, na mwaka 2000 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwenye uti wa mnyororo wake bondi moja na bondi mbili hupokezana, basi elektroni haigandi kwa kaboni moja, huzagaa.

Shida ni pale mnyororo unapokwisha. Chaji haina budi kurukia mnyororo wa jirani. Umewahi kuona vibarua wakimwaga zege la ghorofa? Hupanga mstari, karai likatoka mkono hadi mkono. Wakisimama karibu, wakielekeana, zege hufika upesi. Wakiachana hatua tatu, au mmoja akigeuka mgongo, kazi imelala, ingawa vibarua ni wale wale!

Polima nazo ni vivyo hivyo. Kuna polithiofeni moja ambayo minyororo yake hupangana kama sahani, nafasi kati yao kama nanomita 0.38 tu. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus na wenzake walipima transista za polima hiyo. Sahani ziliposimama wima, kama vitabu rafuni, chaji ilisogea kwa wepesi uliozidi mara 100 kuliko zilipolala chali. Kwani kwenye transista chaji hupita kwa ubavu, kitabu hadi kitabu. Kwenye seli ya jua hupita juu na chini, kwa hiyo huko kulala ndiko bora.

Mimi nilidhani basi yatosha kila kitu kipangike sawasawa. Sivyo. Ndani ya polima mna sehemu zilizopangika na nyingine zimetatizika kama uzi. Mnyororo mrefu unaotoka sehemu moja iliyopangika ukafika ya pili huvusha chaji katikati ya vurugu hiyo, kama kibarua mwenye mikono mirefu.

Nimemweleza mjomba haya yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, nimekubali. Lakini kwenye nyumba yangu niletee shaba."