Andazi la mtoto linalipwa na nani?

Kwa miaka kadhaa sasa ninafundisha hesabu ndogondogo kwenye vikoba vya akina mama wa Dar es Salaam: Mbagala, Tandika, Kigogo, Gongo la Mboto. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani, sebuleni kwangu, watoto wakitambaa chini ya meza ya kukatia. Kila kikao kikivunjika hubaki watu wawili watatu wanaojifanya wanatafuta kandambili zao mlangoni, kumbe wana swali ambalo hawakutaka kikundi kizima kilisikie. Haya ni maswali ya kandambili. Nimeyafupisha, na nimeondoa yanayoweza kumtambulisha mtu.

Mwalimu, nakaanga maandazi tangu mwaka juzi. Naamka saa tisa usiku, na ikifika saa moja na nusu asubuhi sinia ni jeupe. Yanaisha kila siku. Lakini jioni nikihesabu, hela ya unga wa kesho haitimii. Au nimerogwa? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Hujarogwa, mama. Unaliwa, na wanaokula unawajua kwa majina.

Tulikaa na mama huyu tukaandika siku yake moja. Unga kilo 4, shilingi 8,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta yaliyopungua kwenye karai, 5,000. Hamira, iliki na chumvi, 1,000. Mkaa 2,000, karatasi za kufungia 500. Jumla 18,000. Unga ule ulitoa maandazi 110, na andazi moja ni shilingi 200, kwa hiyo alitarajia 22,000. Faida 4,000. Si nyingi, lakini ipo.

Ndipo tukauliza yale 110 yalikwenda wapi. Watoto walikula manane kabla ya shule, baba yao matatu, na mawili alipewa jirani aliyemshika mdogo wakati mama yuko barazani anauza. Kumi na matatu, yaani 2,600. Zikabaki 1,400 kwa kazi ya karibu saa tano.

Wengi wakisikia hesabu hii hukimbilia kuwafokea watoto. Wasiguswe. Mtoto lazima anywe chai, na mama mwenye karai la maandazi akimnyima mwanawe andazi, mimi ndiye nitakayemshangaa. Kilichokosewa ni mfuko. Chai ya watoto na baba yao ni matumizi ya nyumba, basi nyumba iinunue. Alfajiri tenga yale kumi na moja ya nyumbani kwenye hotpoti, kisha toa 2,200 kwenye hela ya matumizi uitumbukize kwenye kopo la biashara. Mawili ya jirani ni habari nyingine: yeye alishika mtoto ili wewe uuze, kwa hiyo hayo ni gharama ya biashara kama mkaa ulivyo. Na tukitaja mkaa, ule unaobaki jikoni ndio unaochemshia maharage ya mchana. Hapo nyumba ndiyo inayodaiwa, ingawa sijamwona mtu akiandika deni hilo.

Inawezekana ukafungua pochi ya matumizi ukakuta hiyo 2,200 haimo. Basi umejua jambo ambalo sinia tupu lilikuficha: biashara ndiyo inayoilisha nyumba. Hapo ongeza idadi, au bei, au punguza ukubwa wa andazi, lakini ufanye hivyo ukiwa na daftari mkononi. Na wanaolipa kwa simu wape Lipa Namba ya biashara, si laini ile ambayo ndugu wote wanaijua.

Kuhusu saa tisa usiku: unga ukikandwa saa mbili usiku kwa hamira kidogo na kuwekwa mahali pa baridi, utaumuka taratibu wewe ukiwa umelala. Amka saa kumi. Saa moja ya usingizi haionekani kwenye daftari, lakini watoto wanaiona unapowavalisha sare.

Shikamoo mwalimu. Mke wangu anauza lambalamba za ubuyu na ukwaju. Tangu alete friza, LUKU inakwisha kama maji. Nikisema, naambiwa nina wivu na maendeleo yake. (Baba, Kigogo)

Marahaba, mwanangu. Wivu siujui, ila mita yako inasema kweli.

Kwa bei za TANESCO zilizopangwa 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko kundi la D1, na inanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75, zinazozidi unauziwa 350. Ukiwa mtu wa kuvuka kila mwezi, unahamishiwa T1, ambako kila uniti ni 292. Kila uniti, hata ya taa ya chooni.

Sasa chukua nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60: shilingi 6,000. Ingiza friza inayofunguliwa na watoto wa mtaa mzima, ile uniti moja na nusu kwa siku, ni 45 zaidi. Mnafika 105, mnahamia T1, mnalipa 30,660. Mke wako anaweza kusema kwa moyo safi kwamba friza ni uniti 45 tu. Lakini kilichoongezeka ni 24,660, kwa sababu friza imepandisha bei ya umeme wa nyumba nzima. Hizo ni lambalamba 247 za shilingi 100, kama nane kwa siku, zinazouzwa kwa ajili ya umeme peke yake kabla hujanunua sukari.

Kwa hiyo kopo la biashara linunue umeme wake kila wiki. Likishindwa, friza ni pambo. Na kama mmepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia LUKU moja, semeni nao mapema, maana hapo jirani asiyewahi kulamba lambalamba yenu ndiye anayeigandisha.

Ushauri kwako wewe, baba: usianzishe mazungumzo haya akiwa anahesabu sarafu mbele ya watoto.

Mtoto wangu ana miezi miwili. Wateja wananipigia hodi mpaka saa nne usiku, na wiki hii nina sare kumi na mbili za sendofu. Naogopa nikipumzika watahamia kwa fundi mwingine. (Fundi, Tandika)

Hapa nimepita, mdogo wangu, na sikupita vizuri.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wewe mwajiri wako ni wewe mwenyewe, na amekunyima vyote. Anayefanyia kazi nyumbani inabidi aijenge likizo yake kwa mkono: tangu ujauzito unapojulikana, hisa moja ya ziada kila wiki kwenye kikoba, yenye jina lake, isiyokopwa kwa lolote. Kwako wakati huo umeshapita, kwa hiyo tuanze na sare zilizo mezani.

Shona sita. Sita mpe fundi unayemwamini, mgawane malipo, nawe ubaki mkaguzi wa mishono. Utapata pungufu mwezi huu. Mteja hamhami fundi kwa sababu amejifungua. Anamhama kwa sababu ya “njoo kesho” ya mara ya nne. Mimi mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka minne, alikuwa akienda mlangoni bila kutumwa anasema, “Mama ametoka,” nami nimekaa nyuma ya pazia na gauni la mtu mapajani. Nilimfundisha mimi, bila kumfundisha.

Andika kwa chaki mlangoni: saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Wiki mbili za mwanzo watagonga tu. Fungua, salimia, usipime mtu. Chukua malipo ya awali, na taja siku unayoiweza hata kama ni mbali. Mtoto anatakiwa maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, kwa hiyo safari za kutwa Kariakoo kutafuta bitana zisimamishe. Mtumie bodaboda unayemjua, na nauli yake iingie kwenye bei ya gauni. Pini weka kwenye kopo lenye kifuniko, na pasi ya mkaa iwe nje, mbali na chumba anacholala.

Nilipoanza kuuza vitenge nyumbani, baba watoto alikuwa anaacha elfu kumi ya matumizi kila asubuhi. Siku hizi ananiuliza, “Si una biashara?” Mtaji wangu unaishia sufuriani. (Mama, Gongo la Mboto)

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Katika vikundi nilivyopita, limeua biashara nyingi za nyumbani kuliko ushindani.

Sheria haina utata. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mke kwa chakula, mavazi na makazi kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye kipato analazimika kumtunza mume pale mume anaposhindwa kwa maradhi au ulemavu, si pale anapoona kabati la mke limejaa. Masheikh nao watakuambia mali ya mke haimwondolei mume wajibu wa matumizi. Lakini ukianza na sheria, mezani kutanuka mahakama. Anza na kabati.

Mume wako anaona vitenge arobaini vimepangwa na anaona hela. Mwite avihesabu. Kama umevinunua 15,000 kimoja, hapo kuna 600,000, na zote ni za kununulia vitenge vingine. Ukiuza 20,000, chako ni 5,000, ukitoa nauli na vocha huenda 4,000. Sasa mwoneshe elfu kumi ya matumizi ni vitenge viwili na nusu kila siku ya Mungu, Jumapili na mwezi wa mfungo. Wanaume wengi niliowaona wakikaa kwenye hesabu hii hawakuwa wabaya. Walikuwa hawajui tofauti ya mtaji na faida, kama wake zao walivyokuwa hawajui mwaka mmoja nyuma.

Kisha chagua mchango wako uwe na jina: ada ya tuisheni, au maji. “Kuziba pengo” hakuna kiwango, na pengo lisilo na kiwango hukua.

Wengine huamua kumficha mume kipato. Siwahukumu, najua nyumba ambazo kusema kweli ni hatari. Lakini mikopo ya siri sikushauri hata kidogo, hasa hii ya kausha damu, ambapo marejesho hayasubiri kitenge kiuzwe na mkopeshaji anakuja kuchukua televisheni watoto wakiitazama.

Na uyaweke maandishi yako. Mahakama ya Rufani ilikubali tangu 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama wa kesi ile hata hivyo hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana fedha alizopewa na mumewe afanyie biashara alizitapanya. Kila mara nikiisimulia, kikundi hunyamaza, halafu mtu anauliza: alikuwa na daftari?

Binti yangu yuko darasa la sita, ana miaka 12. Akitoka shule anatembeza karanga hadi saa moja jioni. Kuna ubaya?

Upo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa kuanza hata kazi nyepesi ya ajira, tena isiyomuumiza wala kumharibia shule. Anaweza kukusaidia kufunga karanga nyumbani nusu saa, madaftari yakiwa yameshafungwa, kama anavyoosha vyombo. Kuzunguka na sinia hadi giza kati ya vijiwe na stendi, hapana. Kama biashara haisimami bila miguu yake, haisimami.

Biashara ya sebuleni nayo inadaiwa kodi?

Inategemea mauzo, si mahali. Namba ya mlipakodi, TIN, haiuzwi, ukiambiwa uilipie umepata dalali. Kwa viwango vya makadirio vilivyoanza 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Mama wa maandazi akiuza 22,000 kwa siku 26 za mwezi anafika 6,864,000. Asiye na kumbukumbu katika kundi hilo analipa 100,000. Mwenye daftari analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 85,920. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uulize cha mwaka huo. Anayefungasha chakula kwenye pakiti zenye nembo aende SIDO na TBS mapema, kabla hajachapisha nembo elfu moja.

Nasuka nywele nyumbani. Wateja wamejaa sebuleni, watoto wanafanyia kazi za shule kitandani. Nichukue fremu? (Msusi, Mbagala)

Bado. Wenye fremu wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ukishaitoa huna pa kurudi. Uliza bei ya fremu unayoitamani, tuseme 80,000 kwa mwezi. Kuanzia mwezi huu, kila tarehe mosi lipa hiyo 80,000 kwenye kibubu au kikoba, kana kwamba mwenye nyumba amesimama mlangoni, na ongeza nauli ya kwenda na kurudi na malipo ya atakayekaa na watoto. Mpaka hapo, rudisha meza sebuleni: saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku kiti cha kusukia kiwe cha kusomea. Ukifaulu miezi sita, una kodi mkononi. Ukikwama baada ya mwezi wa tatu, una 240,000 au zaidi na bado una sebule.