BARAKA JUU YA VAZI LA SALA

Masomo: Hesabu 15:37-41; Kumbukumbu la Torati 24:10-13; Mathayo 23:5



Sisi tuliotoka Chovae na pwani ya Kismayo tunakijua kikoi chenye nyuzi zilizosokotwa pindoni. Zile ni pambo tu. Lakini Mungu aliwaagiza Waisraeli watie vishada katika pembe za mavazi yao, ili wakivitazama wazikumbuke amri zake. Tuangalie Wayahudi wanavyolishika agizo hili, maana lina fundisho kwetu tunaovaa nguo za msaada.

1. Vazi na baraka yake

Vazi hilo la sala huitwa taliti. Hata hapa Afrika Mashariki lipo. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Wayahudi waitwao Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri, na leo wanajitanda taliti hadharani.

Sheria ina utaratibu. Kwanza mtu hukagua nyuzi kama hazikukatika. Kisha husimama na kumhimidi Mungu aliyewatakasa kwa amri zake. Ndipo hujifunika. Baraka hutangulia, vazi hufuata. Kwa kawaida hufanyika mchana, kwa kuwa Neno lilisema vishada vitazamwe.

2. Vazi ni la nani?

Mtu akiazimwa taliti yenye vishada, anaweza kuitolea baraka. Akiikuta imekunjwa, airudishe imekunjwa. Lakini vishada vya nyuzi za wizi havifai. Walimu wao wa kale walifundisha kuhusu ngano iliyoibwa kwamba anayetamka baraka juu yake hambariki Mungu, bali anamtukana.

Kwa hiyo maneno matakatifu hayasafishi kitu cha dhuluma.

3. Sisi je?

Hatufundishi kwamba Mkristo avae vishada. Bwana Yesu aliwakemea waliorefusha matamvua yao ili waonekane na watu. Swali letu ni hili: nguo tunayoishukuru kwa Mungu tumeipataje?

Nguo zinapogawiwa, yuko anayechukua mafungu mawili, na mjane wa mwisho katika foleni akarudi mikono mitupu. Yuko anayekopesha unga akashika blanketi la jirani kuwa rehani, na watoto wa jirani wakalala na baridi. Jumapili huyo huyo anainua mikono na kushukuru!

Torati iliamuru vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe jua linapotua, apate kulala nalo, naye atakubariki. Hiyo nayo ni baraka juu ya vazi, na hutoka kinywani mwa maskini.

Basi, kama blanketi la jirani liko nyumbani mwako, mrudishie leo kabla ya giza, deni mtazungumza baadaye. Kama una fungu lisilo lako, lipeleke kwa wazee wa kanisa, nao watamtafuta mwenye kustahili.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini baraka hutangulia kuvaa?
2. Ni kitu gani cha mwenzetu tunacho humu ndani?
3. Tutakirudisha lini?

Mungu, awavikaye walio uchi, awabariki nyote. Amina.