Kabla Hujalipa Ada: Uzamili wa Mtandaoni kwa Anayetaka Kufundisha Chuoni



Ndugu msomaji, somo hili nalianza na hasara yangu mwenyewe. Baada ya kuhitimu hapa Mbale nilijiandikisha kusoma uzamili wa elimu katika chuo kimoja cha ng'ambo kilichokuwa kikijitangaza kwenye simu zetu. Kila kitu kilikuwa mtandaoni, ada ilikuwa ndogo, na tovuti yao ilikuwa na nembo ya ithibati inayong'aa. Mama aliuza kahawa ya misimu miwili ili nilipe. Nilisoma kweli, nikaandika kazi zote, nikapata cheti. Nilipofika mbele ya jopo la usaili Jinja, niliulizwa swali moja tu: barua ya kulinganisha cheti hiki iko wapi? Sikuwa nayo. Nilipokwenda kuiomba nikagundua kuwa chombo kilichokipa chuo kile ithibati hakitambuliwi hata katika nchi kilikosajiliwa. Shilingi milioni 4 zikawa zimekwenda. Mama hajaniuliza hadi leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie wakati ule.

Anza na kazi, si na tangazo

Marekani wana vyuo vya jamii vya miaka miwili. Kwetu jina hilo halipo, lakini kazi ile ile hufanywa na vyuo vya stashahada: chuo cha ufundi cha Elgon, vyuo vya biashara na vya afya. Kanuni ya kawaida katika vyuo hivi ni kwamba mwalimu awe na sifa inayozidi ngazi anayoifundisha. Tena Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka walimu wa shule wawe na shahada, na vyuo vitano vya ualimu vya taifa, yaani Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama, vimewekwa chini ya taasisi moja, UNITE. Anayemfundisha mwalimu wa shahada hawezi kubaki na shahada peke yake. Ndiyo maana uzamili umekuwa mlango.

Lakini uzamili wa nini? Hapa wengi wetu tunateleza. Tunachagua uzamili wa uongozi wa elimu kwa sababu ni mwepesi kupatikana mtandaoni, kisha tunaomba kufundisha hisabati. Chuo kinachotafuta mwalimu wa hisabati kinataka aliyezama katika hisabati. Hata Marekani vyuo vingi vya jamii hudai uzamili katika somo lenyewe, au uzamili wowote wenye krediti zisizopungua 18 za ngazi hiyo katika somo husika. Chukua matangazo matatu ya kazi ya vyuo unavyovitaka, usome sifa zilizoandikwa, ndipo utafute programu.

Nitatoa mfano mmoja ulio karibu na gazeti hili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa somo hilo watatoka wapi, kama vyuo havina wa kuwafundisha? Wewe unayesoma Kiswahili na kuchekwa na wenzako wa uhandisi, angalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 mahsusi kwa elimu ya masafa. Kinafundisha uzamili wa Kiswahili, na si lazima uhame Jinja.

Ithibati huulizwa kwa mwenyewe

Kila nchi ina mlango wa kubisha. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililotokana na sheria ya 2001. Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE. Uingereza kuna daftari la Office for Students, na Marekani kuna orodha ya Wizara ya Elimu na ya CHEA. Usiamini nembo iliyo kwenye tovuti ya chuo. Fungua orodha ya chombo chenyewe ulitafute jina la chuo humo.

Kisha kuna hatua ya pili inayosahaulika: chuo kuwa halali si sawa na programu kuwa halali. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia programu za vyuo vyetu vikubwa zilizoonekana kwenye orodha ya NCHE kuwa zimepitwa na muda. Basi uliza programu yenyewe, na uulize kama imeidhinishwa kufundishwa kwa masafa. Andika barua kwa NCHE kabla ya kulipa, ueleze chuo na programu, uulize kama cheti chake kitalinganishwa. Jibu lao litunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Nafuu ni hesabu nzima

Tuseme ada iliyotangazwa ni dola 1,500 na dola moja ni shilingi 3,700. Hiyo ni 5,550,000. Ongeza bando la 40,000 kwa miezi 24, yaani 960,000. Ongeza gharama za kutuma fedha nje mara sita, kila mara 120,000, yaani 720,000. Ada ya mitihani, tasnifu na mahafali weka 800,000. Jumla ni 8,030,000. Ada uliyoiona kwenye tangazo haifiki hata asilimia 70 ya utakacholipa. Na dola ikipanda hadi 3,900, ada peke yake imeongezeka 300,000. Weka tarakimu zako halisi badala ya zangu, lakini usiache mstari hata mmoja.

Wapo wanaopunguza mzigo huu. University of the People, kilichoanzishwa 2009, hakitozi ada ya masomo bali ada ya kutahiniwa kwa kila somo, na kina uzamili wa elimu. Nacho kiulizie NCHE kama vingine. Serikali ya Uingereza hutoa ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa uzamili kwa masafa, ambapo unasoma ukiwa kazini kwako. Vyuo vya Afrika Mashariki viulize swali moja la moja kwa moja: Mganda analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni?

Kuhusu mkopo, tunajua msimamo wetu juu ya riba, sina haja ya kuwahubiria. Ila wapo wanaofika kwenye kampuni za mikopo ya simu kwa kisingizio cha dharura. Sheria ya 2016 ilifungua njia ya benki za Kiislamu nchini, na Salaam Bank ikapata leseni 2023. Nenda uulize wana nini. Ukikopa kwa mjomba au shangazi, andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu jambo hilo hilo, na bado tunaona haya kulifanya ndani ya ukoo.

Umeme, bando na mwezi wa Ramadhani

Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini siku za uchaguzi. Mwanafunzi wa mtandaoni aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha wiki ile alihitaji chuo chenye utaratibu wa kuongeza muda. Uliza utaratibu huo uandikwe. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando, kwa hiyo programu yenye video ndefu za moja kwa moja itakugharimu kuliko yenye vitabu vya kupakua. Ukiwa bado na akaunti ya eduroam, pakua kila unachoweza ukiwa kampasi.

Tazama pia ratiba ya mitihani mkabala na kalenda ya Hijria. Mtihani wa saa moja usiku wakati wa kufuturu si mwisho wa dunia, lakini ni vyema ukajua mapema.

Mimi nimeanza upya mwaka huu. Safari hii barua ya NCHE ilitangulia na fomu ikafuata, na bajeti niliiandika nikiwa nimekaa na mama kibarazani, Wanale ikiwa mbele yetu. Alikata mstari mmoja: mavazi ya mahafali. Akasema tutaazima.