Kusoma Kitabu Kigumu cha Historia

Muhula uliopita nilisoma kitabu kinene juu ya watawa wapiganaji wa Ulaya ya kale, yaani watu walioapa kuishi kama watawa na papo hapo wakashika upanga. Rafiki zangu waliniuliza, "Wewe Mwislamu wa hapa Bute, Vita vya Msalaba vyakuhusu nini?" Jibu liko Fort Jesus, Mombasa. Ngoja tufike.

Kwanza njia ya kusoma. Ngamia wa kundi zima hawaletwi kisimani kwa mpigo mmoja, watakanyagana. Na kitabu kigumu vivyo hivyo. Usikazane na kila jina la papa na mfalme. Shika swali moja, uende nalo. Langu lilikuwa: shirika likivunjwa, mali yake huenda wapi?

Watempla walianzia Yerusalemu yapata mwaka 1119. Salahuddin aliutwaa mji huo mwaka 1187, lakini wao wakabaki matajiri wa mashamba na fedha. Oktoba 1307 mfalme wa Ufaransa, Philip wa Nne, ambaye alikuwa na deni lao (haya!), akawakamata. Mwaka 1312 Papa Clement wa Tano akalivunja shirika.

Wengi hufunga kitabu hapo. Usifunge! Kule Ureno Mfalme Dinis hakutaka mali hiyo itoke nchini mwake. Mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likairithi. Baadaye mapato yake yalisaidia safari za Wareno kando ya Afrika, na mwaka 1498 Vasco da Gama akafika Mombasa.

Sasa Fort Jesus. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa Goa, aliwaasi Wareno akaiteka ngome. Walipoirudia, kapteni wao Francisco de Seixas de Cabreira aliweka jiwe la maandishi juu ya lango, la mwaka 1639. Anajisifu kwamba aliadhibu Pate, Siyu na Pemba. Kati ya tuzo zake anataja kuingizwa katika Shirika la Kristo, na malipo ya kila mwaka. Utawa ulikuwa umepungua sana kufikia hapo, cheo kikabaki.

Basi ndivyo Watempla walivyotufikia. Jiwe lasema pia kwamba wakuu wa Pemba waliuawa kwa amri yake, ila majina yao halitaji. Walikuwa kina nani? Hilo ndilo swali langu la muhula huu.