SOMO LA MWEZI: RAHELI ALIOMBA MTOTO WA PILI

Someni kwanza: Mwanzo 30:1–24 na 35:16–20



Tukisoma habari za Raheli, mara nyingi tunakomea pale alipojifungua Yusufu. Lakini angalieni jina alilompa: ndani yake mna ombi la kuongezewa mwana mwingine. Mtoto angali mchanga, na tayari mama anamwombea ndugu. Mungu hakumkaripia. Basi mwenye mtoto mmoja anayelilia wa pili asiambiwe kwamba hana shukrani.

Hapa Pasiansi haja hiyo ipo. Mtoto wa kwanza yuko darasa la tatu au la nne, na wa pili haji. Mawifi wananong'ona, na anayetazamwa ni mke.

Niseme ya nyumbani kwangu, kwa ruhusa ya mke wangu. Mtoto wetu alizaliwa mwaka 1988. Wa pili alipokawia, mke wangu alikunywa dawa za mizizi, kisha akaenda hospitali peke yake, akapimwa, asionekane na kasoro. Daktari akaagiza nami nije. Nikakataa. Nilisema, "Mimi nimekwisha kuzaa, nipimwe nini?" Nilikuwa mwalimu, kila siku nikiwaambia wanafunzi kwamba jambo huthibitishwa kwa kupima. Nilipokubali, mwaka 1996, ilionekana kwamba mbegu zangu ni chache mno. Lawama iliyokuwa yangu mke wangu alikuwa ameibeba miaka yote hiyo. Mtoto wa pili hatukumpata.

Kwa hiyo tujifunze mambo manne.

1. Kuzaa mara moja si ushahidi wa leo. Mwili hubadilika. Mirija ya uzazi ya mama huweza kuziba kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa, au kwa maambukizi yaliyoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kichocho cha mkojo, ambacho watu hukipata katika mabwawa na majaruba ya Usukumani, nacho huweza kudhuru uzazi. Umri hupunguza mayai ya mama. Maradhi na ulevi huweza kupunguza mbegu za baba. Kasoro huweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

2. Waende wote wawili, tena mapema. Waliojaribu mwaka mzima bila kupata mimba wasingoje zaidi. Mama aliyepita miaka 35 aende baada ya miezi sita. Kipimo cha mume ni chepesi: hujizuia siku 2 hadi 7, hutoa mbegu katika chombo safi, nazo hutazamwa kwa hadubini. Mirija ya mke huweza kutazamwa kwa eksirei baada ya kutiwa dawa maalum. Anzeni kituo cha afya. Ikihitajika mtaelekezwa Sekou Toure au Bugando. Na juu ya mizizi, kumbukeni tunguja. Raheli alizitaka kwa Lea kama dawa, lakini aliyezaa baada ya hapo ni Lea, aliyezitoa!

3. Kupandikiza mimba. Ikiwa mirija imeziba kabisa au mbegu ni chache mno, wataalamu huweza kulikutanisha yai la mke na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha kulirudisha tumboni. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mama yake mirija ilikuwa imeziba. Mwaka 1982 mama huyo akapata binti wa pili, Natalie, kwa njia ile ile. Uganda ilipata mtoto wa namna hii mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Siku hizi Dar es Salaam pia kuna vituo. Lakini gharama ni mamilioni ya shilingi, jaribio moja mara nyingi halifaulu, na baada ya miaka 40 matumaini hupungua sana. Ndugu zetu Wakatoliki walikatazwa njia hii na Kanisa lao mwaka 1987. Sisi tuitafakari kwa maombi pamoja na kasisi, tukiuliza mapema: mayai mangapi yatarutubishwa, na yasiyotumika yatafanywa nini?

4. Mtoto aliyepo asisahauliwe. Raheli alimpata Benyamini, akafa njiani. Yusufu akabaki bila mama. Sisemi haya kuwatisha watu. Leo kuna wakunga na hospitali. Nasema kwamba aliyekwisha kuzaliwa naye ana haki yake. Kabla ya kuuza kiwanja au kugusa karo, mke na mume wapange kikomo: fedha kiasi gani, majaribio mangapi. Kikomo kikifika, wasilaumiane.

Nasi majirani tuache kuhesabu watoto wa watu. Ukimkuta mama na mtoto wake mmoja mlangoni pa kanisa, msalimu, mwulize mtoto habari za shule. Inatosha.

Maswali ya kujadiliana vikundini:
(a) Kwa nini Yakobo alimkasirikia Raheli (Mwanzo 30:2)? Angeweza kumjibu namna gani?
(b) Akina baba, ni nini kinachotuzuia kupimwa?
(c) Parokia yetu imsaidieje mume na mke waliofika kikomo bila kupata?

Mwenye swali asiloweza kuliuliza mbele ya watu, aje nyumbani. Mke wangu na mimi tupo, na chai ipo.