Maneno Yaandamanayo katika Kiingereza na Tatizo la Mwanafunzi Msemaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa makosa yanayojitokeza katika Kiingereza cha wasemaji wa Kiswahili, yapo ambayo sarufi haiwezi kuyaeleza. Mwanafunzi anayeandika "do a mistake" badala ya "make a mistake" hajakiuka kanuni yoyote ya upatanisho wala ya mpangilio wa maneno. Alichokosea ni uandamani, yaani mazoea ya neno fulani kufuatana na jingine. H.E. Palmer, aliyefanya kazi ya ufundishaji wa Kiingereza huko Japani, alilitolea suala hili ripoti mwaka 1933, J.R. Firth akalipa uzito wa kinadharia mwaka 1951, aliposhikilia kuwa sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno linaloandamana nayo. Naye M.A.K. Halliday alionyesha mwaka 1966 kwamba hoja huweza kuwa "strong" au "powerful", lakini chai huwa "strong" tu.

2.0 Vitenzi

Kiswahili hukitumia kitenzi kimoja, piga, mahali ambapo Kiingereza hutawanya vitenzi vingi:

(1) piga picha: take a photograph
(2) piga simu: make a call
(3) piga kura: cast a vote
(4) piga magoti: kneel

Mfano wa (4) hauna nomino kabisa katika Kiingereza. Piga hodi ni mgumu zaidi, kwani Mwingereza hugonga mlango, ilhali hodi hupigwa kwa sauti hata pasipo na mlango wa kugonga.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba piga ndicho kinachomsumbua mwanafunzi. Tofauti hapo ni dhahiri mno, naye hujihadhari. Ni nadra kumkuta akiandika "beat a vote". Hatari iko pale lugha mbili zinapoonekana kukaribiana. Fanya ni "do" na pia ni "make", na hakuna kanuni iwezayo kumwambia mwanafunzi kwamba kazi huenda na "do", kosa na uamuzi huenda na "make", na mtihani, mbali na "do", huenda na "take" au, hasa Uingereza, "sit". Ukaribu huo ndio unaomlaghai.

Uandamani hubeba pia tathmini. Katika Kiswahili mtu hutenda dhambi na hutenda wema, kitenzi ni kilekile. Katika Kiingereza "commit", kwa maana ya kutenda, huandamana na dhambi, jinai na uzinzi. Anayesema "commit a kindness" atachekwa, au atadhaniwa anafanya mzaha.

3.0 Vivumishi na jozi

Kivumishi -kali hutoa picha kama hiyo: kisu kikali ni "sharp", mwalimu mkali ni "strict", mbwa mkali ni "fierce". Jozi zilizoganda nazo zina mpangilio wake. Suala ambalo kwa Mswahili ni la kufa na kupona, kwa Mwingereza ni "a matter of life and death": huku kifo kimetangulia, kule uhai.

4.0 Kamusi na tafsiri

Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imekusanya misemo mingi chini ya kitenzi piga. Utaratibu huo humfaa msomaji, si mwandishi. Mwandishi huanza na nomino. Anaijua kura, anachotafuta ni kitenzi chake. Kamusi ya uandamani iliyotolewa na Oxford mwaka 2002 ililitambua hilo, ikaorodhesha vitenzi na vivumishi chini ya nomino. Kamusi za lugha mbili za Kiswahili zingefaa kufuata njia hiyo, hata kama zitanenepa.

Athari haziishii kwenye Kiingereza. Sentensi kama "mkutano ulichukua nafasi jana" ni Kiingereza kilichovikwa maneno ya Kiswahili, kwani katika Kiswahili anayechukua nafasi ni mtu aliyekalia kiti au aliyemrithi mwenziwe kazini. Mkutano hufanyika. Kwa upande mwingine, "kuchukua hatua", ambayo inalingana mno na "take steps", imekwisha kukubalika, na hakuna msomaji anayeishtukia. Mpaka kati ya sentensi hizo mbili hauwekwi na sarufi. Umewekwa na matumizi, na ni kwa kuchunguza matini nyingi tu ndipo unapoweza kuonekana.