Dondoo muhimu: Udongo wa mfinyanzi kwenye mawe ya shaba na dhahabu

Mgodi wa North Mara, Nyamongo, hutoa dhahabu kwa sianidi na kaboni. Lakini wewe mwenye karasha Tarime au Serengeti unayefikiria kuelesha madini kwa povu, njia iliyotoa makinikia ya mgodi wa Bulyanhulu, pima udongo wa mfinyanzi kwanza.

Tia unga wa jiwe kwenye chupa angavu ya maji, tikisa, uache. Mchanga hutua upesi. Maji yakibaki na tope hadi jioni, umeshaupata udongo huo.

Tatizo ni kwamba chembe za udongo huo hujipaka juu ya punje ya shaba, kiputo cha hewa kikashindwa kuinasa. Nyingine hunywa kemikali bure. Kati ya aina za udongo huo, smektaiti ndiyo korofi kuliko zote: huvimba na kufanya rojo la unga na maji kuwa zito kama uji wa ulezi. Kaolini ina nafuu kidogo.

Osha tope litoke kabla ya kuelesha, ila lipime. Huenda nalo lina madini. Ongeza maji kwenye rojo. Sodiamu silikati husaidia kutawanya chembe, lakini ikizidi huzamisha hata shaba. Usisage kupita kiasi, na mawe ya juu yaliyooza yachenjuliwe peke yake.